Mantiki Si Anasa ya Wanahisabati

Kuna dai linalorudiwa Kakamega kila elimu inapotajwa: katika mikutano ya wazazi, katika vyumba vya walimu, na hata matangani, ambako watu hukesha wakijadili mambo ya nchi. Linasema kwamba mwanafunzi asiyekusudia kuwa mhandisi au daktari apewe hesabu za kumtosha sokoni, kisha aachwe apumue. Ajue kujumlisha na kutoa, kupiga asilimia, kupima shamba na kukadiria faida ya mahindi. Mambo ya seti, ya "ikiwa" na "basi", ya kuthibitisha na kukanusha, hayo yabaki kwa wanahisabati wa chuo kikuu.

Dai hili limepata nguvu mpya. Mwezi wa Aprili 2025, Waziri wa Elimu Julius Ogamba alitangaza kuwa Hisabati itakuwa somo la lazima kwa kila mwanafunzi wa Sekondari Pevu, lakini kwa matoleo mawili: moja kamili kwa mkondo wa Sayansi, Teknolojia, Uhandisi na Hisabati, na jingine jepesi kwa mkondo wa Sayansi za Jamii na ule wa Sanaa na Michezo. Kundi la kwanza la Gredi ya 10 liliingia darasani Januari 2026. Wazazi wengi wamelipokea toleo jepesi kama nafuu kwa mtoto anayependa fasihi na historia. Kwao, jepesi maana yake ni hesabu za sokoni.

Nalipinga dai hilo lote, tangu shina hadi matawi. Wala simtetei mwanahisabati. Yeye mantiki ataipata tu, hata ikichelewa. Namtetea yule atakayeaga Hisabati baada ya mtihani wa mwisho na asiiguse tena. Huyo ndiye atakayekuwa mwakilishi wa wadi, chifu, mwanahabari, wakili, mhubiri, katibu wa chama cha akina mama. Kazi yake itakuwa kusoma kanuni, kupima hoja za watu na kuamua nani yumo na nani hayumo. Hiyo ndiyo kazi ya mantiki na seti. Tukimpa hesabu za chenji peke yake, tumemnyima sehemu ya Hisabati anayoihitaji kuliko zote.

Chukua tangazo la basari, la aina inayobandikwa kwenye ukuta wa ofisi ya wadi. Limeandikwa: "Basari itatolewa kwa wanafunzi mayatima na wenye ulemavu." Mama mmoja amesimama mbele yake na fomu mkononi. Mwanawe amefiwa na baba, lakini hana ulemavu wowote. Je, aombe? Tangazo linasomeka kwa njia mbili. Kwa njia ya kwanza kuna seti mbili, ya mayatima na ya wenye ulemavu, na basari ni ya muungano wa seti hizo: yeyote aliye katika mojawapo anastahili. Kwa njia ya pili basari ni ya makutano: anastahili yule tu aliye katika seti zote mbili kwa pamoja. Njia ya kwanza inaweza kugusa mamia ya wanafunzi. Ya pili inaweza kubaki na wawili watatu, au na seti tupu, yaani isiyo na memba hata mmoja, na pesa zikarudi zilikotoka.

Hapo hakuna cha kujumlisha wala cha kuzidisha. Anachohitaji mama huyo ni kutambua kwamba sentensi imebeba maana mbili, aulize iliyokusudiwa ni ipi, na adai iandikwe upya ili mwingine asipotee. Karani aliyeliandika tangazo alihitaji ujuzi huohuo kabla ya kulibandika. Kosa la namna hii haliitwi kosa la Hisabati, ndiyo maana hakuna anayelihesabu. Muuzaji aliyekosea chenji atajua jioni akifunga duka. Aliyesoma kanuni vibaya akaondoka bila kuomba, hatajua kamwe alichopoteza.

Tutoke wadini twende kwenye taifa. Kifungu cha 138 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinasema mgombea urais atatangazwa mshindi akipata zaidi ya nusu ya kura zote zilizopigwa, na pia angalau asilimia 25 ya kura zilizopigwa katika kila moja ya zaidi ya nusu ya kaunti. Kaunti ni 47, kwa hiyo zinazotakiwa ni 24 au zaidi. Masharti ni mawili, yamefungwa pamoja kwa "na". Mgombea atakuwa ameyakosa lini? Barazani utasikia: akikosa nusu ya kura na akikosa pia kaunti 24. Sivyo. Kukosa sharti moja kunatosha. Ukikanusha "na", unapata "au". Kanuni hiyo ina jina la Augustus De Morgan, mwanahisabati wa Uingereza wa karne ya 19, na mwanafunzi wa Gredi ya 10 anaweza kuielewa kwa kipindi kimoja.

Mwaka 2013 nchi nzima ilisimama kwenye mpaka wa seti moja. Machi 9, Uhuru Kenyatta alitangazwa mshindi kwa asilimia 50.07, akiwa amevuka nusu kwa takriban kura 8,400. Kura zilizokataliwa zilikuwa zaidi ya 108,000. Swali likafika Mahakama ya Juu: je, kura iliyokataliwa ni memba wa seti inayoitwa "kura zote zilizopigwa"? Machi 30 mahakama ikaamua kwamba si memba, isihesabiwe katika kutafuta asilimia. Mawakili wakubwa walikuwa wakibishana juu ya jambo ambalo somo la kwanza la seti huanza nalo: kabla ya kuhesabu memba, taja sharti linaloingiza kitu ndani ya seti. Anayejua kuhesabu tu angejumlisha upesi na sawasawa, na bado asingejua ajumlishe nini.

Au chukua Kifungu cha 27, kinachotaka chombo chochote cha kuchaguliwa au kuteuliwa kisiwe na zaidi ya theluthi mbili ya watu wa jinsia moja. Mitaani kanuni hiyo imegeuzwa kuwa "viti vya akina mama", na imepingwa miaka yote hii kana kwamba ni zawadi kwa wanawake. Isome tena. Haimtaji mwanamke wala mwanamume. Kamati ya watu 12 yenye wanaume 9 inaivunja, na yenye wanawake 9 inaivunja vilevile. Mwaka 2020 Jaji Mkuu David Maraga alimshauri Rais alivunje Bunge kwa kushindwa kutunga sheria ya kuitekeleza. Taifa likabishana kwa ukali juu ya kanuni ambayo wengi wa waliobishana hawakuwa wameipima inasema nini na haisemi nini.

Wapinzani wangu wana hoja moja nzito kuliko zote, nayo ni ya historia. Wanasema: haya yalishajaribiwa yakashindwa. Ni kweli yalijaribiwa. Mwaka 1962 wataalamu wa Kiafrika, Wamarekani na Waingereza walikusanyika Entebbe, Uganda, kuandika vitabu vipya vya Hisabati kwa ajili ya shule za Afrika. Mradi uliendeshwa kutoka Massachusetts, chini ya uongozi wa W. T. Martin wa chuo cha MIT. Vitabu vya Entebbe, na baadaye vile vya School Mathematics of East Africa, vikaingiza seti katika madarasa ya Kenya. Wazazi hawakuielewa kazi waliyopewa watoto wao. Walimu walitakiwa kufundisha mambo ambayo wengi wao hawakuwahi kufundishwa. Malalamiko yakaongezeka, na mwaka 1981 serikali ikaiondoa "hisabati ya kisasa" shuleni.

Sasa tuipime hoja yenyewe. Umbo lake ni hili: seti zilifundishwa kwa namna fulani, namna ile ilishindwa, kwa hiyo seti hazifai kufundishwa. Hitimisho halifuati. Kushindwa kwa namna moja hakusemi lolote juu ya namna nyingine zote. Ni kuruka kutoka "baadhi" hadi "zote", kosa ambalo somo la mantiki lingemfunza mtu kuliona. Wala kushindwa kule hakukuwa kwa Waafrika pekee. Marekani yenyewe, iliyoanza mageuzi kama hayo kwa kishindo baada ya Warusi kurusha Sputnik mwaka 1957, ililalamika vilevile, na kufikia 1973 Morris Kline alikuwa ameandika kitabu kizima cha kuyashutumu. Asiseme mtu kwamba mtoto wa Butere au wa Malava alishindwa na kitu ambacho mtoto wa Boston alikimeza bila shida.

Na ni nini hasa kilichofundishwa? Mtoto alichora duara mbili zinazopishana. Alikariri alama ya muungano na alama ya makutano. Aliorodhesha memba ndani ya mabano. Hapo somo likaisha. Alipewa msamiati wa seti bila kazi yake. Mara chache sana aliulizwa, kutokana na haya uliyopewa, lipi linafuata na lipi halifuati? Alama zilitangulia maana, na maana haikufika. Kilichoondolewa mwaka 1981 kilistahili kulalamikiwa. Lakini tulipokiondoa hatukuweka kufikiri kwa hoja mahali pake. Tuliweka mahesabu, na miaka zaidi ya 40 baadaye tunayaita mahesabu hayo "Hisabati ya maisha".

Wengine huja na hoja ya utamaduni: mantiki ni ya Wazungu, sisi huongozwa na methali na busara za wazee. Hii inaniudhi zaidi, kwa sababu inajivika heshima kwa wazee huku ikiwadharau. Kwanza, mantiki haikufika kwetu kwa ndege ya Entebbe. Al-Farabi na Ibn Sina waliandika vitabu vya mantiki karne tisa, kumi kabla ya mkutano ule, na elimu ya Kiislamu iliyoilea mantiki hiyo ilikuwa pwani yetu kabla ya mkoloni. Karne ya 19 misafara ya biashara ilifikisha Uislamu hadi Mumias, hapahapa Kakamega. Pili, watu wetu hutumia mantiki kila siku bila kuiita jina.

Mwaka 1966 mwanasaikolojia Peter Wason wa London alieleza jaribio lake la kadi nne. Kila kadi ina herufi upande mmoja na namba upande wa pili. Kanuni: ikiwa upande mmoja kuna irabu, basi upande wa pili kuna namba shufwa. Zinazoonekana ni irabu, konsonanti, namba shufwa na namba witiri. Ugeuze zipi ili ujue kama kanuni imevunjwa? Wengi hukosea, wasomi wakiwamo: huigeuza irabu na namba shufwa, wakaiacha namba witiri ambayo nayo inaweza kufichua uvunjaji.

Sasa nenda steji ya matatu mjini Kakamega. Kanuni ya kondakta wa gari la Kisumu: ikiwa abiria amepanda, basi amelipa. Mbele yake kuna watu wanne. Mmoja yumo garini, mmoja yuko chini, mmoja kondakta anajua kwamba amelipa, na mmoja anajua kwamba hajalipa. Kondakta hatapoteza wakati wake kwa aliyelipa, kwa kuwa huyo hata akishuka havunji kanuni. Hatamsumbua aliye chini. Atamuuliza aliye garini kama amelipa, na atamwangalia asiyelipa asije akapenyeza akaketi. Amelipatia jibu la Wason sawasawa, na huenda hakumaliza Kidato cha Nne. Watafiti wa Marekani, Griggs na Cox, walionyesha jambo hilo hilo mwaka 1982: walipoigeuza kanuni ya kadi iwe kanuni ya umri wa kunywa pombe, wengi walipatia. Mantiki tunayo. Tunachokosa ni mazoezi ya kuibeba kutoka kwenye jambo tulilolizoea hadi kwenye jambo geni, kutoka steji hadi kwenye mkataba wa ajira, sera ya bima au kifungu cha Katiba. Kuna kazi gani nyingine ya shule iliyo kubwa kuliko hiyo?

Miaka ya 1930 mwanasaikolojia Alexander Luria aliwauliza wakulima wa Uzbekistan: kaskazini ya mbali, kwenye theluji, dubu wote ni weupe, mahali fulani ni kaskazini ya mbali, dubu wa huko wana rangi gani? Wengi walikataa kujibu wakisema hawajafika huko, waulizwe waliofika. Wasomi wakaandika kwamba watu wasiosoma hawafuati hoja hadi mwisho. Mimi nasoma majibu yale naona hoja kamili: nisichokiona sikisemi, dubu wa huko sikuwaona, basi siwasemi. Mkulima yule alikataa dai la kwanza la muulizaji, wala hakushindwa na hoja yake. Mzee wa Shinyalu aliyeketi kusuluhisha ugomvi wa mpaka wa shamba hufanya hivyohivyo: hutenganisha alichokiona shahidi na alichokisikia, kisha huuliza kinachofuata. Kumwambia mjukuu wake kwamba mantiki ni mali ya wageni ni kumpokonya urithi.

Wako pia wanaosema kwamba hata wanahisabati wenyewe hawakuziamini seti. Wanakumbuka, kwa haki, kisa cha Bertrand Russell. Mfikirie kinyozi wa kijiji anayewanyoa watu wote wa kijiji wasiojinyoa wenyewe, na hao tu. Je, yeye hujinyoa? Akijinyoa, si katika wale anaopaswa kuwanyoa, basi hajinyoi. Asipojinyoa, yumo katika wale anaopaswa kuwanyoa, basi hujinyoa. Kinyozi wa namna hiyo hawezi kuwapo. Russell aliligundua tatizo la umbo hili ndani ya nadharia ya seti: seti ya seti zote zisizojibeba zenyewe kama memba. Juni 1902 alimwandikia barua Gottlob Frege, Mjerumani aliyekuwa akikamilisha juzuu ya pili ya kazi ya miaka mingi iliyosimama juu ya msingi huo. Frege aliikubali hitilafu na mwaka 1903 akachapisha juzuu yake pamoja na nyongeza inayoieleza hadharani. Mwaka 1908 Ernst Zermelo akaweka kanuni mpya zinazoizuia.

Wanaokitumia kisa hicho kuidharau nadharia ya seti wamekisoma kinyume. Hapa kuna watu waliokuwa tayari kuiacha imani ya maisha yao kwa sababu hoja fupi ya kijana iliwaonyesha kwamba haisimami. Hakuna aliyemuuliza Russell ametoka wapi, ni wa chama gani, wala nani amemtuma. Nataka kila mwanafunzi wa Kakamega aijue habari hiyo kabla hajaingia katika siasa zetu, ambamo mtu akionyeshwa kosa la hoja yake hujibu kwa kutaja kabila la aliyemwonyesha.

Na kwa kuwa nimetaja kabila, niseme lililo moyoni. Waisukha na Waidakho ni wenyeji wa ngoma ya isukuti, ambayo UNESCO iliiingiza mwaka 2014 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Kila Mwisukha ni Mluhya, lakini si kila Mluhya ni Mwisukha. Seti moja imo ndani ya nyingine, wala hazilingani. Hilo halimkasirishi mtu. Ila angalia kosa la kuchanganya sehemu na jumla linapopanda jukwaani: baadhi ya watu wa jamii fulani walifanya jambo, kwa hiyo watu wa jamii hiyo ndivyo walivyo, kwa hiyo jirani yako, kwa kuwa ni mmoja wao, ndivyo alivyo. "Baadhi" imekuwa "wote", na "wote" imemwangukia mtu mmoja asiye na hatia. Katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa 2007, watu zaidi ya 1,100 walikufa nchini, na wengi waliwindwa kwa sababu ya seti waliyozaliwa ndani yake. Sisemi kwamba somo la mantiki lingelizuia panga. Nasema kwamba panga hutanguliwa na sentensi, na kizazi kilichofunzwa kuuliza "wote, au baadhi?" kina nafasi ya kuisimamisha sentensi kabla haijawa amri.

Imebaki hoja ya walimu: madarasa yamejaa, walimu hawatoshi, mtaala ni mpya. Hii naiheshimu, maana ni ya kweli. Lakini ninachodai hakihitaji maabara wala kompyuta. Ni muhula mmoja wa Gredi ya 10, kwa toleo jepesi kwanza. Mambo ni manne: seti na sharti la umemba; "na", "au" na "si"; "ikiwa" na "basi", pamoja na tofauti kati ya kauli na mgeuzo wake, ili mtoto ajue kwamba kusema kila aliyefaulu alisoma kwa bidii si kusema kila anayesoma kwa bidii atafaulu; na mwisho "wote", "baadhi" na "hakuna". Vifaa ni Katiba, magazeti, matangazo ya kazi na kanuni za shule yenyewe. Mwalimu wa Kiswahili na wa Historia washirikiane na wa Hisabati, kwa sababu hoja ni mali yao pia. Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, kilichopo mjini hapa, hufunza walimu. Kianze kwa kuwaandaa walimu hao kufundisha maana kabla ya alama, ili kosa la Entebbe lisirudiwe.

Mzazi anayesema mwanawe wa fasihi haihitaji mantiki aulize kwanza ni nani atakayemsomea mtoto huyo mkataba wake wa kwanza wa kazi, hati ya mkopo wake, na sheria atakayotakiwa kuipigia kura ya maoni. Ikiwa hawezi kuzisoma mwenyewe, basi atasomewa na mwingine, na anayekusomea kanuni ndiye anayekuamulia. Hesabu za sokoni zitamlinda mtoto asipunjwe shilingi kumi. Mantiki itamlinda asipunjwe haki yake. Shule ya umma isiyompa ulinzi huo wa pili haijamaliza kazi iliyolipwa kuifanya.